Maswali Yenu: Simtangi juu ya boriti, warithi Maskati na saruji ya shemeji

Habari zenu wasomaji. Masika yameingia na simu yangu imejaa meseji, na safari hii karibu zote ni za nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, ndo maana nimeziweka pamoja. Kwa wageni wa safu hii, miye ni fundi mwashi wa mawe na chokaa tangu ujana wangu, si injinia wala si wakili, kwa hivyo nikikwambia kamwite injinia ujue namaanisha.

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Mimi napanga Kiponda, nyumba ya ghorofa tatu ya serikali, tuko familia sita ndani. Mimi niko chini. Lipu ya chumba changu inapukutika kila mwaka, mwaka juzi shemeji akanihurumia akapiga saruji mpaka kiunoni, ikakaa miezi minane ikabanduka na mawe yake, na sasa unyevu umepanda mpaka unapita kichwa changu. Juu kuna simtangi mbili za jirani, za lita elfu moja kila moja. Ofisi inayohusika tumeshakwenda mara nne wanasema watakuja kuangalia. Tufanye nini? – Mama wa Kiponda

JIBU: Wa alaykum salaam mama yangu. Shemeji msimseme vibaya, nia yake ilikuwa njema, ila hiyo saruji ndo iliyokupandishia maji. Ngoja nikueleze ukuta wenyewe ulivyo maana bila ya hivyo utaona nakutungia. Ukuta wa nyumba yako ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake dhiraa moja na kitu, yaani kama nusu mita, hauna nondo wala hauna zege chini la kuzuia maji, kwa hivyo unanyonya maji ya ardhini kutwa kucha kama utambi wa koroboi, na maji ya mji uliokaa pwani yana chumvi. Wazee walilijua hilo wala halikuwashughulisha kwa sababu lipu ya chokaa inapumua, maji yaliyoingia yanatokea, upepo unayakausha, chumvi inabaki juu ya lipu, lipu inapukutika pole pole na baada ya miaka kadhaa unaibandua unapiga nyengine. Lipu ndo ya kutupa, jiwe ndo la kubaki. Sasa ukija na saruji ni kama umemvalisha mtu koti la mvua mchana wa kiangazi, jasho halina pa kutokea, kwa hivyo maji yaliyokuwa yakiishia magotini yanapanda juu yatafute mlango, chokaa iliyoko ndani inalainika inakuwa unga, na siku saruji ikichoka inaanguka na kila ilichokishika, ndo hayo mawe uliyoyaona.

Lakini mama, unyevu wa chini haunitishi sana. Kinachonitisha ni hizo simtangi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo mbili zikijaa ni tani mbili, ni kama mtu kaegesha magari mawili madogo juu ya dari yako, na dari hiyo inashikwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimezama ndani ya ukuta. Ukuta ukilowa kile kichwa kinaoza mle mle ndani usikione, hapa katikati unapopaangalia boriti nzima, imara, unaweza hata kubembea, kumbe huko mwisho imekuwa kama muhogo uliooza. Kwa hivyo kabla ya lipu, kabla ya rangi, hata kabla ya hiyo safari ya tano ya ofisini, nendeni juu mkae na huyo jirani kwa uzuri, simtangi moja ishushwe chini kabisa uwani na nyengine isogezwe kwenye kona ukuta ulipo chini yake, isikae katikati ya chumba. Halafu fuateni kila bomba kwa mkono, kila choo, kila mchirizi wa bati. Nyumba hizi zilijengwa za familia moja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenyewe wengi waliondoka, nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali, wakaingia watu kutoka Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, na mashamba ambao nao walikuwa na haki ya kulala pazuri, hilo silikatai, lakini ukumbi mmoja ukapigwa ubao ukawa vyumba viwili, jiko likahamia ukumbini na choo kikapandishwa ghorofa ambayo haikuwahi kuona choo. Kodi ikawa ndogo hata haitoshi kununua ndoo ya rangi, mpangaji anasema nyumba si yangu, serikali inasema pesa hakuna, na maji huku yanafanya kazi yao. Mpaka miaka ya 80 zilikuwa zinaanguka moja moja, na Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa 1985 kwa shida hiyo hiyo.

Sasa ofisi. Mmekwenda mara nne, kwa mdomo au kwa barua? Kama kwa mdomo basi hamjakwenda. Andikeni barua moja wapangaji wote sita mtie saini, muambatanishe picha zenye tarehe, mbaki na kopi iliyogongwa mhuri, nakala muipeleke Mamlaka ya Mji Mkongwe kwa sababu ukarabati wowote humo ndani unahitaji kibali chao hata mkiamua kujichangia wenyewe. Na jichangieni kweli. Elfu tano kila familia kwa mwezi ni elfu thelathini, mwaka laki tatu na sitini, hazijengi nyumba hizo lakini mchirizi na fundi bomba zinampata, na mimi kwa uzoefu wangu mchirizi mmoja uliokaa sawa umeokoa nyumba nyingi kuliko semina zote nilizowahi kualikwa.

Ah, nilisahau shemeji. Mwambie aibandue saruji iliyobaki kwa patasi na nyundo ndogo, taratibu, asitumie nyundo kubwa. Muache ukuta wazi ukauke, kiangazi kizima kama mnaweza kuvumilia, na aje apige chokaa iliyolowekwa muda mrefu, sio ile ya mfuko iliyochanganywa saruji kidogo "ili ishike". Haishiki. Hiyo saruji kidogo ndo ile ile saruji.

SWALI: Salaam kutoka Maskati. Tuna nyumba ya babu yetu Malindi. Babu alifariki 1978 na nyumba haikugawiwa mpaka leo. Tumejaribu kuhesabu warithi, Oman, Dubai, Uingereza na waliobaki Unguja, tumefika thelathini na moja. Nyumba imefungwa kufuli, paa limeingia ndani upande mmoja. Kuna mtu anataka kuinunua afanye hoteli. Nusu tunataka kuuza, nusu wanasema ni dhambi kuuza kwa babu. Wewe unatushauri nini? – Mjukuu

JIBU: Mjukuu, nimeisoma barua yako mara mbili, nikacheka kidogo halafu nikahuzunika, maana barua hii hii nimeiona kwa majina tofauti tangu sijaota mvi. Kwanza niulize, mna hakika babu hakuiweka wakf, yaani kuitoa kwa ajili ya dini au kizazi isiuzwe tena? Msidharau swali hili. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakf, za msikiti au za kizazi, na nyumba ya wakf haiuzwi hata warithi thelathini na moja wote wakikubaliana, kwa hivyo kabla hamjagombana juu ya kuuza nendeni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana mkaulize na muangalie karatasi za zamani zilizoko kwenye kasha la bibi. Nishaona ukoo umenuniana miaka sita juu ya kitu ambacho hakikuwa chao.

Kama si wakf basi mirathi ikagawiwe kisheria, na akapatikane msimamizi mmoja mwenye karatasi. Hapo ndo penye kazi. Babu alipofariki labda mke alipata thumni yake, watoto wakagawana kilichobaki, mwanamume fungu mbili mwanamke fungu moja, halafu hao watoto nao wakafariki na mafungu yao yakagawika tena, sasa yuko mtu Leicester, Uingereza, ana fungu la nyumba hiyo hata ngazi moja haimtoshi kukaa na hajui kama analo. Bila msimamizi hakuna anayeweza kutia saini chochote, kuuza wala kukodisha wala hata kuomba kibali cha ukarabati, na mnunuzi mwenye akili timamu hatoi pesa. Asiye na akili timamu atatoa kwa mmoja wenu, halafu mtaonana mahakamani.

Ila mvua haingoji mahakama. Hapa nazungumza kama fundi, jambo hili mulifanye mwezi huu huu huku mirathi ikiendelea: wekeni bati. Bati la muda tu, juu ya mbao, juu ya ule upande ulioingia ndani, na mtu atoe kile kifusi kilichoangukia ghorofa ya pili kwa sababu kifusi kikilowa uzito wake unaongezeka na kinaishusha ghorofa ya pili juu ya ya kwanza. Ukuta wa chokaa na udongo unavumilia mengi ukiwa umefunikwa kichwa. Ukipata mvua kutoka juu, ile shindilio ya katikati ya ukuta inarudi kuwa udongo na ukuta unafura tumbo kama mjamzito, na ukishafura hivyo hakuna fundi atakayekurudishia bila ya kuubomoa. Watu thelathini na moja, mkitoa riyali kumi kumi mmepata riyali mia tatu na kumi, na riyali ya Oman ikibadilishwa Unguja si pesa ndogo, mimi bati na mbao za upande mmoja nakuwekeeni na chenji inabaki.

Kuhusu kuuza au kutouza sikuambii. Nakwambia tu kuna njia ya katikati ambayo watu wanaisahau, mkodisheni huyo mwenye hoteli kwa miaka kadhaa, yeye aikarabati kwa pesa zake chini ya kibali na kwa vifaa vinavyotakiwa, nyinyi mpate kidogo kila mwaka na mwisho nyumba irudi. Mkataba wake muandikiwe na wakili, sio na binamu. Na muandike humo kwamba mlango ni wenu. Nyumba ya Malindi ya umri huo nadhani ina mlango wa nakshi, basi leo kabla ya kulala mtume mtu aupige picha, mbele, nyuma, kizingiti cha juu na karibu karibu kwenye maua, kwa sababu nyumba ikifungwa kufuli muda mrefu kitu cha kwanza kuota miguu ni mlango.

SWALI: Fundi, kama Beit al Ajaib yenye serikali na wafadhili nyuma yake imeanguka, sisi wenye nyumba za kawaida si tunajidanganya tu? – Msomaji, Mkunazini

JIBU: Nilijua litakuja. Wale ambao hawakulifuatilia, jumba hilo la Sultan Barghash la 1883 liliporomoka upande wa mbele pamoja na mnara wa saa siku ya tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wakiwa ndani wanalikarabati, na watu wawili wakafariki, Mungu awarehemu. Halikuwa la ghafla vile watu wanavyosimulia. 2012 kipande cha baraza kilikuwa kishaanguka na kila mtu aliyepita Forodhani alikuwa akiliona limefungwa na kuzungushiwa uzio mwaka baada ya mwaka.

Lakini ndugu yangu usilifananishe na nyumba yako. Lile ni jengo la kuonesha ubavu, Barghash alitaka wageni wakiingia bandarini wabaki midomo wazi kwa mshangao, kumbi zake ni kubwa mno, dari ziko juu mno, nguzo za chuma kutoka ng'ambo zimezunguka nje na vyuma vimepachikwa kwenye kuta zile zile za matumbawe, na chuma karibu na bahari kikila kutu kinafura na kupasua kilichokishika. Nyumba yako ya Mkunazini ina vyumba vyembamba, upana kama mita tatu kwa sababu boriti haivuki zaidi ya hapo, na kuta zimekaribiana zinashikana na za jirani. Hiyo ni nyumba nyenyekevu, na kwa fundi ni nyumba rahisi.

Funzo moja nililolitoa pale nakukabidhi na wewe. Wakati wa hatari wa nyumba kongwe sio pale inapokaa tu imechoka, ni pale unapoanza kuigusa. Ukuta uliopinda umeshazoeana na mwenziwe kupinda hivyo, ukitoa jiwe hapa, ukifungua dari kule, mzigo unahama. Kwa hivyo kabla ya kugongwa patasi la kwanza egemeza, magogo nje na magogo ndani, na injinia apite. Kama una ufa unaokutia wasiwasi, chukua kipande cha kioo chembamba ukibandike kwa plasta kivuke ufa, andika tarehe kwa penseli pembeni. Kikivunjika ujue nyumba inatembea, toa watoto halafu ndo upige simu. Kikikaa miezi sita kizima punguza wasiwasi, lala.

SWALI: Mimi kijana wa Ng'ambo. Kila siku Mji Mkongwe Mji Mkongwe, magofu yananuka popo, vijana hatuna pa kukaa. Kwa nini msibomoe yote mukajenga ghorofa za kisasa zenye paking? Wazungu wa UNESCO ndo wanaishi humo? – Nimechoka

JIBU: Nimechoka, umenichekesha na hiyo paking. Swali lako lakini si la kijinga na wanaokujibu kwa hasira wanakukosea.

Kujenga upya tumeshajenga. Michenzani hapo kwenu Ng'ambo, zile ghorofa ndefu ambazo Mzee Karume alizianzisha kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, nyumba za udongo zikavunjwa zikasimama zege, na watu walipata bomba la maji ndani ambalo hawakuwahi kuwa nalo, kitu kikubwa kile. Nazo leo zinavuja. Mwenyewe hajulikani wa kuziba, ngazi ni ya wote kwa hivyo si ya mtu, umeona? Ugonjwa ule ule wa Mama wa Kiponda kwenye jengo ambalo halina hata jiwe moja la matumbawe. Ukibomoa bila ya kujibu nani atapanda juu kuzibua mchirizi mwaka wa ishirini, umehamisha tatizo kutoka chokaa ukalipeleka kwenye zege.

Na kuvunja kuna upande wake mwengine. Dar es Salaam pale Magomeni Kota nyumba zilivunjwa kaya 644 zikatoka, wakaambiwa subirini, na ghorofa mpya zikaja kuzinduliwa Machi 2022, karibu miaka kumi watu wanapanga panga huku na huku. Wao angalau walirudi, na ghorofa kwa kweli ni nzuri nimeziona. Jiulize kwenye kiwanja cha Shangani kinachoangalia bahari, wewe Nimechoka ungerudishwa? Miye nina mashaka. Kiwanja kikiwa wazi pale hakijengwi paking yako.

UNESCO walituweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na orodha hiyo si ya kudumu, Liverpool ya Uingereza walitolewa 2021 kwa sababu ya majengo mapya waliyoyaweka ufukweni. Lakini nikwambie ukweli, miye UNESCO si sababu yangu. Sababu yangu ni kwamba nyumba yenye ukuta wa dhiraa moja na kitu mchana wa Februari unalala ndani bila feni, na mawe, chokaa na fundi wake vyote ni vya hapa hapa, pesa inazunguka mtaani. Unayosema kuhusu vijana kukosa pa kukaa nakuunga mkono mia kwa mia. Inaniuma kuona nyumba inakarabatiwa vizuri, chokaa safi, boriti mpya, halafu wenye mtaa wanatoka wote, duka la mandazi linakuwa la vinyago, na saa tatu usiku uchochoro mzima hauna mtoto anayelia. Ukiniuliza mimi ningesema kila hoteli inayopewa nyumba ya serikali iwe na sharti la kutengeneza nyengine ya kukaa watu, mtaa huo huo. Hakuna aliyeniuliza lakini.

Halafu njoo ujifunze kazi. Wanaojua kuchoma chokaa kwenye tanuu, kuiloweka na kuipiga sakafu sawasawa wanahesabika, wengi wana umri wangu na magoti yetu hayapandi tena jukwaa. Nakwambia fundi wa chokaa hakai mwezi bila kazi mji huu.

SWALI: Kuna mti umeota ukutani kwetu ghorofa ya pili, una majani ya kijani mazuri, mama anasema ni baraka. Niung'oe? – Wa Hurumzi

JIBU: Usiung'oe! Huo ni mtini mwitu, mbegu kaleta ndege, na mzizi wake umeshaingia baina ya mawe unashika ukuta kama ulivyoupasua, ukiuvuta unashuka nao. Ukate shina karibu na ukuta kwa msumeno mdogo, hapo hapo bila kungoja kesho utoboe tundu kwenye kisiki utie dawa ya kuulia magugu ya dukani, uzibe, uuache ufe wenyewe miezi kadhaa, na ukichipua rudia. Ukishakauka kabisa ndo fundi aje atoe vipande na kujaza nafasi kwa chokaa na vijiwe. Na muangalie juu yake kuna nini, maana mti hauoti pakavu, lazima kuna bomba au mchirizi unaomwagia. Mama mwambie nimemuamkia, mti wa baraka upandeni kwenye ndoo muuweke barazani.